Matanga ya Mama Wawili

Nyarugusu, 16 Agosti 2015

Kaka Radjabu,

Nakusalimu wewe na mwanao Anouar. Tumefika kambini, upande wa Tanzania. Amélie anakohoa kwa sababu ya vumbi, lakini anakula, na usiku hashtuki tena kama alivyokuwa akishtushwa na risasi kule Bujumbura, mtaani kwetu Nyakabiga. Hema tunagawana na mama mmoja wa mtaa wa Musaga. Tumetundika kitenge katikati, kila mtu ana upande wake. Asubuhi nafundisha watoto kusoma chini ya turubai. Ubao hatuna, tunaandika ardhini.

Nakuandikia barua kwa sababu simu siku hizi ni mtego. Huyu mama wa Musaga, kaka yake alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa ujumbe aliokutwa nao kwenye simu. Anouar amesema kila akija Kigoma kuchukua mawese atatafuta mtu wa kunifikishia bahasha.

Jambo langu ni Loïc. Ulikuwepo nilipombembeleza tuondoke wote. Alisema chuo kikifunguliwa atafanya mitihani yake, kwamba mtu hakimbii maisha yake mwenyewe akiwa karibu kuyamaliza masomo. Baba yake angekuwa hai angemwamuru. Gélase alikuwa akisema neno moja tu nao wanatii. Mimi niliomba tu. Sasa nakuomba wewe. Ukuta wetu ni mmoja, na mlango wako anaujua tangu anatambaa. Mwite ale. Muulize anakokwenda. Akikujibu vibaya usikasirike, ni woga.

Spès, Mama Loïc


Nyakabiga, 4 Oktoba 2015

Mama Loïc,

Amani iwe juu yako na juu ya mtoto. Barua yako ilifika ikiwa imekunjamana lakini imefika, alhamdulillah.

Loïc anakula kwangu. Mwanzoni alikuwa anakuja na visingizio, mara anarudisha sufuria, mara anaomba chumvi. Sasa anaingia tu na kuketi. Amekonda, lakini sote tumekonda. Mchana anakwenda Mutanga Sud kuangalia kama chuoni wametangaza mitihani, jioni anarudi kabla ya giza. Anajitunza.

Unajua kwamba tangu mke wangu, marehemu Waridi, aniache nimewaachia vijana karakana, na kazi yangu kubwa ni kuosha maiti wa msikiti wetu. Siku hizi naitwa mara nyingi kuliko zamani. Wiki iliyopita bomba lilikauka, na Loïc akajitolea kunibebea maji mpaka mlangoni. Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, ninawezaje kumwosha mtu ambaye mtaa mzima unajua alikuwa upande wa wauaji.

Nilimjibu kwamba mwili ukishalala juu ya ubao haubishani tena. Ukiuinua mkono wake ni mzito kama mkono wa mtoto aliyesinzia. Mungu alitupulizia pumzi moja, sisi ndio tumeikata vipande, kila mtu anasema kipande chake ndicho hai. Anayeumia popote, ni pumzi ileile inayoumia.

Alitembea kidogo, kisha akasema, "Baba Anouar, hiyo pumzi moja, mbona inaumia upande wetu tu?"

Nimekuandikia ili ujue mwanao anafikiri, hajawa jiwe.

Radjabu


Nyakabiga, 19 Desemba 2015

Mama Loïc,

Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Kaa chini kwanza, na Amélie asiwe karibu.

Ijumaa ya wiki iliyopita, alfajiri, milio ya risasi ilianza mbali, na kulipokucha ikawa mtaani kwetu. Wenye sare walipita nyumba kwa nyumba. Mimi na Anouar tulilala sakafuni. Kwako waligonga, kisha wakavunja. Nilimsikia Loïc akisema kwa Kirundi kwamba yeye ni mwanafunzi, kitambulisho kipo mezani. Nikasikia viatu vingi, halafu kimya. Tulipoweza kutoka, mlango wako ulikuwa wazi na kitambulisho kingali mezani. Yeye hakuwepo. Jirani wa mbele aliona vijana wakipandishwa garini wakiwa hai, na anasema Loïc alikuwa kati yao. Lishike hilo neno: wakiwa hai.

Kesho yake barabara ilikuwa na maiti. Kabla wenye sare hawajaja kuwazoa, tulimchukua mmoja aliyekuwa kando ya mtaro, tukamwingiza uani kwangu. Alikuwa na bukta na fulana tu, kama mtu aliyetolewa kitandani. Uso wake sitauandika. Kimo kilikuwa kimo cha Loïc, dada yangu, nikaliweka kopo chini kwanza. Nilianza na paja. Lile kovu la uji wa moto ambalo Loïc analo tangu utotoni, huyu hakuwa nalo. Si Loïc. Nilishukuru, kisha nikaona aibu kwa kushukuru, maana huyu naye alikuwa wa mtu.

Dini yake hatukuijua. Nilimwosha kama ninavyoosha wetu, tukamzika kwenye makaburi yetu.

Baada ya siku chache alikuja mwanamke anaitwa Candide. Alikuwa amesikia kwamba kuna kijana aliyezikwa na Waislamu. Aliniuliza juu ya sikio la kushoto, kwa sababu mwanawe Jovithe aliumwa na mbwa akiwa mdogo likabaki na pengo. Nikamwambia ndiyo, lilikuwa na pengo. Hakulia palepale. Aliniuliza kama maji yalikuwa baridi. Nikamwambia niliyapasha moto.

Anasema kijana wake alikuwa mwanafunzi, kama wako. Nilimweleza habari zako. Ameniomba akuandikie, lakini anaogopa kuanza yeye.

Loïc tunamtafuta. Nimekwenda milango miwili ya mahabusu, nikafukuzwa kote. Nitarudi.

Radjabu


Nyarugusu, 10 Januari 2016

Kaka,

Nitakuambia jambo ambalo sikumwambia hata padri anayekuja kutusomea misa hapa. Nilipofika kwenye habari ya kovu, kabla sijaona ulichoandika mbele, nilitamani awe yeye. Nilitamani awe ameoshwa na mkono wako, kwa maji ya moto, na nijue alipolazwa. Kisha nikasoma kwamba si yeye, na watu wa hema la pili wakasikia nikilia, wakaja kunipa pole. Sikuweza kuwaeleza nalilia nini.

Mwenye kaburi ana mahali pa kuelekeza macho. Mimi naelekeza kila upande. Nimemwonea wivu yule mama kwa ajili ya maiti. Sikujua kama mtu anaweza kufika huko.

Mpe hii bahasha ndogo. Nimemwandikia kwamba nikisali rozari ninawataja wote wawili, Loïc na Jovithe, jina kwa jina, bila kupumua katikati. Ikiwa ulichomwambia Loïc ni kweli, kuhusu pumzi, basi sala moja inawatosha.

Spès


Bujumbura, 7 Februari 2016

Mama Loïc,

Pole na wewe. Mi ni Candide. Nimekulia Bwiza, mtaa wa Waswahili, ndiyo maana naandika Kiswahili, lakini si cha shule, utanisamehe.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimeketi. Tangu mutoto wangu azikwe hakuna mutu aliyenitajia jina lake bila kuteremsha sauti. Wewe umeliandika kwa herufi kubwa, karibu na la mwanao.

Mi nina kaburi, wewe apana. Nimefikiri: basi miguu yangu iwe yako. Nafanya usafi kwenye ofisi moja ya Rohero, nikitoka kazini napika, na mara mbili kwa wiki napeleka chakula kwenye milango ya wafungwa. Nasema ni cha Loïc, mwana wa Gélase, mwanafunzi wa Nyakabiga. Milango mingine wanacheka. Mahali pamoja walichukua bakuli, na bakuli likarudi tupu. Najua bakuli tupu si ushahidi. Lakini hata kama alikula mwingine, naye ana mama.

Sitachoka. Nikikaa nyumbani naona kitanda chake.

Candide


Nyarugusu, 28 Februari 2016

Dada Candide,

Barua yako nimemsomea Amélie, ameilalia. Amesema sasa tuna mtu wetu kule.

Mungu akulipe kwa bakuli lile. Nimelibusu kwenye karatasi, kama mwenda wazimu. Niambie tu jambo moja, siulizi kwa ubaya. Kaka Radjabu anasema mlango huo wanaochukua chakula ndio huohuo aliofukuzwa yeye kwa mateke, mzee wa watu. Wewe wanakuruhusu vipi? Nani anakusaidia? Nataka kumjua ili nimwombee naye.

Spès


Bujumbura, 20 Machi 2016

Mama Loïc,

Nilijua siku moja utauliza. Ningeweza kukuandikia uongo mwingine, na ningekuwa na wewe kwa muda zaidi.

Jovithe hakuwa mwanafunzi. Alikuwa polisi. Alikuwa hajamaliza hata mwaka kazini. Wanaonipokea pale mlangoni walilala naye chumba kimoja kwenye mafunzo, na wananiita mama.

Siku niliyokuja Nyakabiga kumtafuta, damu ilikuwa bado haijaoshwa kwenye mitaro. Ningesemaje pale kwamba mi ni mama wa sare? Nikasema mwanafunzi. Nilipopata barua yako nikaogopa kuipoteza, nikaendelea. Leo nimemwambia Mzee Radjabu pia. Akasema hata angejua siku ile, maji yangekuwa yaleyale.

Ijumaa ile waliletwa mtaani kwenu, yeye na wenzake. Sare yake haikupatikana. Kuna wanaosema aliivua mwenyewe akakimbia, kwamba alikataa kazi ile. Kuna wanaosema vijana wa mtaa walimkamata. Kuna wanaosema ni wenzake walimgeuka. Ningependa kukuambia kwamba alikataa. Kila asubuhi nachagua hiyo, na mpaka jioni inakuwa imenitoka mikononi. Siwezi kukuandikia nisichokijua. Inawezekana alisimama mlangoni kwako.

Ukitaka kufuta jina lake kwenye sala zako, sitalalamika. Chakula nitaendelea kupeleka.

Candide


Nyarugusu, 10 Aprili 2016

Kaka Radjabu,

Mwambie huyo mwanamke asilitaje tena jina la mwanangu kwenye mlango wowote.

Tangu Januari nimekuwa nikimwombea mtu aliyekuja na bunduki nyumbani kwangu. Nimemtaja baada ya Loïc kila siku, Amélie akiitikia. Sasa mtoto ananiuliza mbona rozari imekaa ndani ya ndoo.

Mwanangu hana kaburi. Yeye aliyekuja kumchukua, au mwenzake, au ndugu yake wa sare, ana sanda, ana maji ya moto, ana mzee mwema wa kumlaza kaburini kwa ubavu. Na ni kwa mkono wako.

Usiniandikie tena kwamba sisi ni wamoja. Wamoja hawavunjiani milango. Kama Mungu anaumia ndani ya kila anayeumia, basi aumie kimya. Nimechoka kumsikia.

Spès


Nyakabiga, 26 Juni 2016

Mama Loïc,

Ulinikataza kukuhubiria umoja, nami nimekutii. Ndiyo sababu ya kimya changu. Leo sina budi kuandika. Kaa chini, na safari hii Amélie awe karibu nawe.

Loïc ametutoka. Sote ni wa Mungu, na kwake tunarudi.

Aliyetuletea habari ni kijana anaitwa Népomuscène, aliyeachiwa hivi karibuni. Walikuwa chumba kimoja. Anasema Loïc alifika pale akiwa ameumizwa mbavu, akawa anapata nafuu na kuzidiwa. Kabla ya Pasaka homa ilimshika. Alifariki mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa huyu kijana. Alikuwa anaongea na wewe, kwa Kirundi, akidhani uko chumbani. Mwili waliuchukua, na wapi walipoupeleka hajui. Nimeuliza kila ninayeweza kumuuliza. Nakuandikia ukweli: sidhani kama tutapajua.

Kuna jambo jingine, na sijui utalipokeaje, lakini ni la mwanao na si haki yangu kukuficha. Népomuscène hakuja kwangu kwanza. Alikwenda kwa Candide. Alimwulizia pale mlangoni, mama anayeleta bakuli.

Maana hakuacha kupeleka chakula, Mama Loïc. Ujumbe wako nilimfikishia neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameshika ncha ya shuka aliyojitanda, akasema, "Ana haki." Akaacha kutaja jina, kama ulivyoagiza. Akawa anasema tu, ni cha yule mwanafunzi wa Nyakabiga. Wakati huo Loïc alikuwa ameshakufa, wala hatukujua.

Lakini zamani zile, alipokuwa hai, chakula kilifika. Si kila mara, askari nao wana njaa, lakini kilifika. Loïc alikula na kuwagawia wenzake. Aliambiwa tu kimeletwa na mama. Alidhani ni wewe. Alidhani umerudi Bujumbura, na alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mama yake ni mkaidi, hakumsikiliza mtu, amerudi.

Tulimfanyia matanga nyumbani kwako. Nilifungua mlango, uliotengenezwa na Anouar, tukatandika mkeka. Padri alisoma misa bila jeneza. Wakati wa watu kuja kutoa pole ukafika, na mahali pa mama palikuwa patupu. Watu wakatazamana. Mimi ni jirani, ni Mwislamu na ni mwanamume, nisingeweza kukaa pale.

Candide alikuwa amesimama nje ya lango. Mtaa mzima unajua sasa yeye ni mama wa nani. Aliingia, akavua viatu, akaketi mkekani mahali pako.

Watu walianza kutoka. Sikuwalaumu. Yuko mama mmoja wa barabara ya chini ambaye Ijumaa ile ilimchukulia watoto wawili wa kiume. Yeye hakutoka. Alikwenda akasimama mbele ya Candide, na mimi nikasogea maana nilidhani atampiga. Akamuuliza, "Unamlilia nani hapa?"

Candide akasema, "Namulilia Loïc. Mama yake yuko mbali."

Yule mama akamtazama. Halafu akashuka taratibu, magoti yake ni mabovu, akaketi pembeni yake. Walikaa hivyo mpaka jua likazama, na waliokuwa wametoka wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Ulinikataza kuandika maana ya mambo, na siiandiki. Nimekueleza nilichokiona tu.

Kitambulisho cha Loïc nimempa Anouar, yupo njiani nacho.

Radjabu


Nyarugusu, 24 Julai 2016

Mama Jovithe,

Sikukuandikia mapema kwa sababu mkono ulikuwa haushiki kalamu. Amélie ndiye aliyekuwa akiniandikia hata majina ya watoto ninaowafundisha.

Nasi tulikaa matanga hapa, chini ya turubai. Wanawake walikuja, hata wale ambao hatusalimiani kwenye foleni ya maji. Waliniuliza jina la marehemu, nikawaambia. Mmoja akauliza kama nimefiwa na huyo tu. Sitakudanganya, dada: sikulitaja la mwanao. Nililifikisha mpaka kwenye meno, halikutoka. Lilitoka siku nyingine, nikiwa nafua nguo. Nilisema Jovithe, kwa sauti, na Amélie aliyekuwa anasuuza akageuka kunitazama. Akaitikia kama tulivyokuwa tukifanya. Rozari tumeitoa kwenye ndoo.

Sijui kama alisimama mlangoni kwangu. Wewe pia hujui. Nadhani tutazeeka na hilo, mimi na wewe, na kuna siku nitakuchukia tena kwa sababu yake. Ikifika siku hiyo nitanyamaza, nawe utangoja. Nisamehe mapema.

Maneno ya Kaka Radjabu juu ya pumzi moja sikuyakubali, na hata leo nayashika kwa mbali. Lakini Loïc alikula mkononi mwako akidhani ni mimi. Nimelifikiria hilo kila siku tangu barua ile. Alikuwa na njaa, alikuwa anaumwa, akaonja chakula akasema, huyu ni mama. Kama yeye hakuweza kututofautisha, mimi nianzie wapi kututenganisha?

Nina ombi. Nimeandikiwa kifo cha Jovithe, na sikio lake, na sare yake. Hayo yote ni ya mwisho. Niandikie alivyokuwa mdogo. Alichelewa kutembea au aliwahi? Alikuwa anaogopa nini? Ukimtuma dukani alikuwa anarudi haraka au alikuwa anapotea njiani na wenzake? Niandikie hata mambo madogo, hata yale ambayo mtu mwingine atasema hayana maana.

Nataka kumlilia nikimjua.

Spès